Fundi aliyeanzisha fasheni ya kola ndefu bila kutaka

Tik. Kidonge kinaangukia kisosi cha bati kabla hakujapambazuka, na mwenyewe anakimeza huku mkono mmoja ukipapasa ukuta kutafuta swichi ya taa. Kitandani, binti yake mdogo anageuka upande wa pili na kuendelea kukoroma.

"Huyu hata nyumba ianguke," anacheka mama mtu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kola.

Jina hilo lina kisa. Miaka miwili iliyopita tezi za shingo yake zilivimba pande zote mbili. Hakutaka kuulizwaulizwa, akajishonea magauni yenye kola zinazofika kidevuni. Wateja hawakuona ugonjwa, waliona fasheni.

"Mmoja akaniambia, 'Fundi, nataka kama hiyo yako.' Kesho yake wakaja watatu. Jua linawaka, watu jasho linawatiririka, kola hawafungui! Nikawa nacheka peke yangu, halafu nalia peke yangu."

Hospitali iliupa uvimbe huo jina lisilochekesha: limfoma ya aina adimu, saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokaa kwenye tezi. Dawa za dripu zilimpa nafuu, kisha uvimbe ukarudi. Ndipo alipoingizwa kwenye utafiti wa vidonge, anavyopewa bure.

Daktari wake anaeleza kuwa chembe hizo hupokea amri ya kuongezeka isiyokoma. Amri husafiri ndani ya chembe kwa kupokezana, protini moja ikiipa nyingine. Kidonge huizuia protini moja katikati ya msururu huo, amri isifike.

"Nikamwambia, 'Kumbe! Mguu umegoma kutoka kwenye pedali, cherehani inashona tu. Basi wewe umevua mkanda.' Akacheka mpaka akavua miwani."

Mkanda ukivuliwa, gurudumu halizunguki na sindano haishuki. Ila mguu bado uko pale pale, ndiyo maana kidonge ni cha kila siku. Kina adha zake pia: akijichoma, damu inachelewa kukatika, kwa hiyo hashiki sindano bila subana, kile kikofia cha chuma cha kidoleni.

Lakini kilichomuuma kuliko sindano ni oda. Tangu augue, alikataa kazi yoyote ya kuchukuliwa zaidi ya wiki mbili mbele.

"Nani angemalizia? Kitambaa cha mtu kibaki kimekatwa nusu?"

Hata mdogo wake wa kike, anayeolewa mwishoni mwa mwaka, alinyimwa gauni la harusi. Alinuna, kisha akaelewa, kisha akanuna tena.

Leo amerudi, kitambaa cheupe kwapani. Amekaa kibarazani na mpwa wake, yule binti mdogo, wakimsubiri Mama Kola atoke kliniki na majibu ya picha za mwili. Kila anayekohoa barabarani anamshtua.

Mama Kola anatokea akitembea haraka, vifungo vya shingoni viko wazi.

"Dada, sema basi!"

"Tezi zimenywea. Ya kwapani hata haionekani. Daktari kasema tuendelee na kidonge hicho hicho."

Mdogo mtu anapiga kigelegele, analia, anajifuta kwa kitambaa cha harusi.

"Weee! Utanichafulia kazi kabla sijaanza!"

"Kazi? Yaani utashona?"

"Simama nikupime. Na hapo kiunoni usiniongezee kitu mpaka siku yenyewe."

"Niwekee na kola ndefu, dada."

"Kola? Toka hapa!"

Futikamba inamzunguka bibi harusi huku fundi akipanga makubwa zaidi. Anataka msichana wa kumfundisha kukata na kushona. "Si wa wiki mbili. Wa mwaka mzima, umenisikia? Mwaka mzima."

Binti yake hangoji vipimo viishe. Anakimbilia getini, anapanda juu ya jiwe na kuwatangazia wapita njia:

"Mama anashona gauni la harusi!"