Mikono ya Mado

Wifi yangu Mado ana mikono miwili, na kila mmoja una darasa lake. Mkono wa kulia, ambao mishipa yake imesimama kwa sababu ya miaka mingi ya kutwanga mihogo, ni wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wa kushoto, ambao mishipa yake imejificha, ni wa wale wanaokaribia kumaliza. Mado mwenyewe ndiye aliyegawanya hivyo, na walimu wa chuo cha uuguzi waliona amegawanya vizuri.

Naandika haya kwa sababu maneno mengi yamesemwa juu yake hapa Kasongo, na yalipofika Lusangi na Wamaza yalikuwa yamenenepa. Mado ni dada mdogo wa marehemu mume wangu, Antoine, aliyekuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari kwa miaka kumi na tisa. Hata leo watu huniita Madame Prefe, na mimi sikatai. Jina la nyumba yake aliniachia mimi nilichunge. Kwa hiyo ni haki yangu kueleza jinsi mambo yalivyokuwa. Ni wajibu wangu pia, kwa kuwa makosa mawili katika habari hii ni yangu.

Mado alikuja kwetu miaka tisa iliyopita kutoka Wamaza, akiwa na furushi la nguo na kinu. Mume wake alimrudisha akisema hazai. Tulimpa chumba cha nyuma, karibu na jiko. Tangu mwezi ule wa kwanza alianza kukaanga mikate, ile midogo ya mviringo ambayo watoto hula na uji, na kuipeleka ndani ya beseni mpaka kwenye mlango wa chuo cha uuguzi. Ni mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Mimi nilifundisha Kifaransa miaka ishirini na miwili, na bado ananishinda kwa mzaha.

Chuo chenyewe ni vyumba vinne vya bati na ofisi. Wanafunzi wake wanatoka mbali: Nyangwe, Lusangi, vijiji vya Kabambare ambako pikipiki huachwa njiani na mtu anamalizia kwa miguu. Zamani wafadhili walituma mkono wa plastiki wa kujifunzia sindano. Mkono ule ulichomwa na madarasa mengi mpaka ukawa unavuja maji kila upande. Ndipo vijana wakaanza kujifunza juu ya shina la mgomba uliokuwa nyuma ya darasa.

Siku moja Mado, akipita na beseni lake tupu, alimkuta msichana mmoja anaitwa Falone amepiga magoti anauchoma mgomba kwa sindano, huku anauambia, «Pole mama, ni kidogo tu.»

Mado akasimama. «Mutoto wangu, huo mugomba unakujibu nini?»

«Haujibu, mama.»

«Sasa utajua namna gani kama unauumiza?»

Falone akacheka kwa haya. Mado akaweka beseni chini, akakunja shati lake, akakaa juu ya tofali. «Ita mwalimu wako,» alisema. «Mimi niko na mukono, na ukiniumiza nitakuambia.»

Mwalimu alikuwa Pascaline, muuguzi wa miaka mingi, mwanamke mkali. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akampima Mado presha, akamwangalia macho na ulimi, akaweka masharti: siku ya Ijumaa tu, wanafunzi watatu tu kwa juma, sindano mpya kila mara, na yeye mwenyewe awe amesimama pale. Mado akakubali yote. Akaongeza sharti lake moja, kwamba nyumbani kwake wasijue. Kwa hiyo alikuwa akiingia kwa nyuma, pale ambapo ua wa mianzi umebomoka, na kutokea hapo hapo.

Wa kutojua nyumbani nilikuwa mimi.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Niliona tu kwamba Ijumaa jioni anavaa mikono mirefu hata jua likiwa kali. Siku moja, akiosha vyombo, niliona alama nyeusi kwenye kiwiko chake na kipande cha sparadra, ile plasta ya kufungia kidonda.

«Mado, hiyo ni nini?»

«Ni mbu, Madame.»

«Mbu gani wanafunga sparadra?»

«Wale waliosoma,» akasema, akaendelea kuosha.

Juma lililofuata, tukitoka kanisani, Marie-Thérèse wa kwaya alinishika mkono akanivuta pembeni. «Madame Prefe, mimi ni rafiki yako, ndiyo maana ninakuambia. Wifi yako anauzisha damu. Ule kijana anaitwa Kitenge, wa pikipiki, amemuona anatoka kwa kutambaa nyuma ya chuo, pamba kwenye mukono. Wanasema damu inaenda kwa wachimbaji Lusangi. Eti damu ya mwanamuke asiyezaa inaita dhahabu.»

«Nani anasema?»

«Watu.»

Ni upuuzi, nilijua. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa, nimevaa kitenge cha kumbukumbu ya mume wangu, na wanawake wanne walikuwa wanatuangalia huku wanajifanya wanatafuta watoto wao. Nikaenda nyumbani. Ningeweza kumwita Mado na kumuuliza kwa upole. Badala yake nikampigia simu shemeji yangu Hippolyte, mkubwa wa familia, nikamwambia aje kutoka Wamaza. Hilo ni kosa la pili. La kwanza litakuja mahali pake.

Hippolyte alitumia siku moja na nusu juu ya pikipiki. Alifika matope mpaka kwenye masikio, akaoga, akavaa koti, akaomba viti vipangwe sebuleni. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi na Mado, aliyekaa chini juu ya mkeka ingawa kiti kilikuwapo.

«Madeleine,» Hippolyte alianza, maana anapokasirika humwita kwa jina lake la ubatizo. «Ninasikia damu ya baba yetu inapimwa kwa mizani kule Lusangi.»

«Yaya,» Mado akamjibu, maana ndivyo anavyomwita kaka yake mkubwa, «kama damu yangu ingekuwa na bei, ungenikuta chini, juu ya mukeka?»

«Usinichekeshe. Onyesha mikono.»

Akaonyesha. Hippolyte akavaa miwani, akainama, akaangalia kwa muda mrefu. «Unauzisha, hauuzishi?»

«Siuzishi. Ninawapa wanafunzi wajifunze. Wanachoma, wanavuta kidogo, Mama Pascaline anamwaga. Basi.»

«Bure?»

«Bure.»

«Hiyo ni mbaya zaidi! Mutu anayeuzisha, tunajua iko na njaa. Anayetoa damu bure, watu watasema ni muchawi.» Akanigeukia. «Shemeji, ninasema uongo?»

Alichukua kunyamaza kwangu kuwa jibu, akatoa hukumu. Kesho asubuhi Mado afunge vitu vyake. Atarudi naye Wamaza, atakaa machoni pake, na mambo ya chuo yaishe.

Mado hakulia. Aliuliza tu, «Yaya, unaweza kungojea Ijumaa? Ijumaa iko mutihani. Wanafunzi sita wa mwaka wa mwisho. Mama Pascaline ameniomba siku hiyo moja mikono yote miwili, sindano tatu huku, tatu huku. Bila mutu wa kuchomwa, watarudia mwaka. Na Falone hana wa kumulipia mwaka mwingine.»

«Watafute mutu mwingine.»

«Wametafuta. Hata wenyewe kwa wenyewe wamekwisha kuchomana mpaka wengine wanakimbia. Watu wanaogopa.»

«Na wewe kwa nini hauogopi?»

Hapo ndipo Mado alipohama kutoka mkekani na kukaa kwenye kiti. Alizungumza akiangalia mikono yake.

Alisema kwamba kule Wamaza, kwenye kijiji cha mume wake, mbali na kwa Hippolyte, alishika mimba mara tatu. Mbili zilitoka mapema, hakumwambia mtu. Ya tatu ilifika miezi mitano. Damu ikaanza kutoka, na majirani wakambeba juu ya machela mpaka kituo cha afya, safari ya kutwa nzima. Muuguzi alikuwa kijana, mwezi wake wa kwanza kazini, yuko peke yake. Alitaka kumwekea serumu, yale maji ya kuingiza mshipani. Akachoma mara ya kwanza, hakupata mshipa. Akachoma tena. Mado alihesabu mpaka kumi na moja. Jasho la yule kijana lilikuwa linamdondokea usoni, na kila mara alikuwa anasema, «Samahani, mama.» Kwenye kitanda cha pili palikuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa anangojea muuguzi huyo huyo. Mara ya kumi na mbili mshipa ukapatikana; Mado akapona, ila mimba ikatoka. Kijana alipogeuka kwenda kwa yule wa pili, alimkuta amekwisha kufa.

«Hakuwa mubaya,» Mado alisema. «Alikuwa hajazoea. Alijifunza juu yangu siku ambayo sikuwa na nafasi ya kufundisha. Mimi ninasema wakosee sasa, juu yangu, nikiwa muzima.»

Hippolyte alikuwa amevua miwani. «Mimba?» alisema. «Mimba gani? Mume wako alituambia hauzai. Sisi tulirudisha mahari!»

«Mulirudisha haraka, Yaya. Hakuna mutu aliyeniuliza.»

Na hapa ndipo mahali pa kosa langu la kwanza. Mume wa Mado alipomrudisha, Antoine alikuwa amelala mgonjwa, na mimi ndiye niliyeandika barua ya kukubali. Niliiandika kwa mwandiko mzuri na Kifaransa safi, ili jambo liishe bila kelele na jina la nyumba lisiburutwe barabarani. Niliandika kwamba familia inatambua upungufu wa binti yake. Neno hilo, upungufu, nililichagua mimi. Mado alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka kwenye meza yangu.

Nilimwambia Hippolyte, mbele ya Mado, «Barua ile ni yangu.»

«Ninajua,» alisema. «Niliisifu.»

Kisha Mado akauliza kama tunataka chai, na Hippolyte akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea, kwamba angependa. Mado alipokwisha kutoka, Hippolyte akaniuliza, «Sasa watu watasema nini?»

«Shemeji, wanasema kwa sababu anatambaa nyuma ya ua. Anatambaa kwa sababu yetu. Ijumaa apite mlangoni, na sisi tuwe naye.»

«Mimi sitaki kuona sindano,» alisema haraka.

«Hutaona.»

Jumatatu asubuhi pikipiki ilikuja kumchukua Hippolyte, naye akaifukuza.

Ijumaa tulitoka nyumbani sisi watatu, saa moja asubuhi, kwa barabara kubwa, ile inayopita sokoni. Mado alikuwa na beseni lake kichwani. Nilimvalisha kitenge changu cha sikukuu na blauzi ya mikono mifupi. Alama zote zilikuwa zinaonekana. Hippolyte alitangulia na koti lake, akisalimia kila mtu kwa jina la baba yake. Chuoni tukapita mlangoni. Pascaline alitutazama, akasema tu, «Karibuni, mumechelewa dakika tano.»

Tatizo likawa beseni. Mikate ilikuwa bado ya moto, na wanafunzi wa madarasa mengine walikuwa wanangojea kula. Hippolyte akakaa kwenye kiti kidogo cha Mado, pale mlangoni, na beseni mbele ya magoti. Mkubwa wa familia yetu, mwenye koti, anauza mikate! Nikiwa ndani nilisikia pikipiki inasimama, na sauti ya Kitenge: «Muzee, ni wewe sasa unauzisha damu?»

«Mimi ninauzisha mikate,» Hippolyte alijibu. «Damu inatolewa ndani, bure. Egesha pikipiki uingie, kijana muzima kama wewe, mishipa imejaa.»

Watu walicheka. Kitenge alinunua mikate miwili akaondoka. Hakuingia.

Ndani, wanafunzi walipiga kura nani achome mkono upi. Watatu wa mkono wa kulia walimaliza haraka. Wawili wa kushoto walipata kwa shida. Wa mwisho alikuwa Falone. Kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kujaribu mara mbili. Alifunga kamba, akapapasa, akachoma. Hakuna kitu. Akasogeza kidogo, hakuna kitu. Pascaline akamwambia atoe, amebaki na mara moja. Msichana akatoa, na chozi likaanguka juu ya mkono wa Mado.

«Usilie hapo, utaulowesha,» Mado alisema. «Falone, niangalie mimi. Hapa leo hakuna mutu anakufa. Tafuta taratibu. Huko chini kidogo, unausikia? Laini kama kamba ndani ya nguo.»

Falone akafumba macho, akapapasa kwa kidole. Muda ukaenda. Pascaline hakumharakisha. Kisha msichana akafumbua macho, akachoma, na damu ikapanda ndani ya sirinji.

Pascaline akaandika: amefaulu. Falone alikuwa amesahau pamba, amesimama anatazama damu ile. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Nikachukua pamba mezani, nikaiweka juu ya mkono wa wifi yangu, nikakandamiza kwa kidole changu mpaka damu ikakata.