Sehemu ya Editha Mtoni

Editha, jirani yangu hapa Mgeta, aliwahi kuugua akili baada ya kujifungua. Alilazwa mjini, akapata nafuu, na mpaka leo anameza dawa zake na kulima karoti zinazozishinda zangu. Lakini tukienda mtoni kuosha karoti kabla lori la dalali halijafika, Magreth, mkulima mwenzetu, humfukuza.

"Kaoshe kule chini, mwenzetu. Maji yako yasitufikie na huo ugonjwa."

Watu wazima, wanaosali kila Jumapili, wanacheka! Kule chini hushuka tope letu sote, na dalali hachukui karoti chafu. Mimi nina binti mjamzito. Nikiwasikia wakicheka, najiuliza yeye akijifungua na kuugua hivyo, watamfukuzia wapi.

Juzi Editha alikaa upande wa juu wa mto, maji yanakotokea kuja kwetu, akaanza kuosha.

"Dada Magreth, mimi dawa yangu nimeshameza. Wewe ya kwako umeiacha wapi?"

Kwa kuogopa maji yaliyopita kwa Editha, Magreth akabeba gunia lake, akapanda mawe mpaka juu kabisa, akiteleza na kulaani. Lori likaja, likapakia karoti za Editha na zetu, likaondoka. Magreth akashuka na karoti safi zisizo na mnunuzi.

Na bado anasema kichaa ni Editha.