Mama Mbu Anafunga Chumba

Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamke mmoja amesimama mbele ya chumba namba nne, ghorofa ya chini ya kitivo cha sayansi, ananusa mikono yake. Wa kushoto, kisha wa kulia. Akisharidhika kwamba hainuki sabuni, anafungua mlango.

Ndani kuna joto la jikoni. Kwenye rafu yamepangwa mabeseni meupe ya viluwiluwi na vizimba vya chandarua. Leo vizimba vyenye mbu ni viwili tu. Mwaka jana vilikuwa arobaini.

Chuo kizima kinamwita Mama Mbu. Ana miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na saba amewalea wadudu ambao sisi wengine tunawapiga kofi: viluwiluwi anawanyunyizia chakula cha samaki, majike anawapashia damu ya ng'ombe, mayai anayakusanya. Ijumaa hii chumba kinafungwa.

"Watu wananicheka," anasema huku akivuta viluwiluwi kwa mrija. "Eti umekosa kazi mpaka unafuga mbu? Nawaambia, ng'ombe atanipa nani?"

Mbu wake si wa hivihivi. Ukoo wao haujawahi kuguswa na dawa ya kuua wadudu. Watafiti wakitaka kujua kama dawa bado inafanya kazi, wanaijaribu kwa hawa na kwa mbu wa mtaani. Hawa wakifa na wale wa mtaani wakapona, basi mtaani kumeharibika. Wakipotea hawa, hakuna tena wa kulinganisha naye.

Kemikali kidogo tu mkononi yaweza kuwaua, ndiyo maana miaka yote hiyo hajajipaka mafuta wala manukato, na nyumbani kwake hapapulizwi dawa.

"Mtaa mzima, nyumba inayoongoza kwa kung'atwa ni ya Mama Mbu," anacheka binti yake, mwanafunzi wa ualimu. "Harusi ya mama mdogo alienda ananukia maji tu."

Kuna siku alijisahau. Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini. Alisuuza beseni harakaharaka, povu kidogo likabaki. Kesho yake viluwiluwi elfu nne walikuwa wanaelea, wamekufa.

"Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Dokta akaniambia, haya, inuka, tuanze upya. Hakunifukuza. Mpaka leo nikiona povu moyo unanilipuka."

Dokta huyo, mkuu wa mradi, ndiye aliyemletea habari miezi mitatu iliyopita. Wafadhili wamemaliza muda wao. Ng'ambo ya barabara limesimama jengo jipya la utafiti, ghorofa kumi na mbili, fahari ya jiji. Siku ya uzinduzi vigogo walihubiri uwekezaji mpaka jua likawa la utosi. Katika ramani yake hakuna chumba cha mbu.

"Nimeandika barua mpaka vidole vimeota sugu," anasema Dokta. "Gharama ya chumba hiki kwa mwaka haifiki bei ya ile milango yao ya vioo. Jibu ni moja tu, subiri tathmini."

Dirisha la Mama Mbu linatazamana na milango hiyo. Anakiri kwamba inamuuma.

"Sichukii ujenzi. Watoto wetu watasoma pale. Lakini mtu unahamia nyumba mpya, mama yako unamwacha kwenye ile ya zamani?"

Anafungua kopo la bati. Ndani mna karatasi zenye vidoa vyeusi kama vumbi la mkaa. Ni mayai. Ya mbu wa aina hii yakikaushwa vizuri hukaa hai miezi sita. Kila karatasi ameiandika tarehe kwa penseli. Kopo litabaki ofisini kwa Dokta. Mbu wa vizimba viwili vya mwisho wataingizwa kwenye friza Ijumaa, na amekataa kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine.

"Nimewalea mwenyewe, nitawazima mwenyewe," anasema.

Majibu ya tathmini, kwa mujibu wa barua ya chuo, yatatoka baada ya miezi minane.

Hesabu hiyo haihitaji profesa. Mama Mbu ameomba baada ya miezi mitano afunguliwe chumba kwa wiki tano tu, bila mshahara, aangue mayai, awalee mpaka watage, akaushe mengine. Kijana wa utawala aliyepokea ombi alimwambia wataliangalia.

"Nikamwambia, mwanangu, msiliangalie sana. Mayai hayajui mambo ya vikao."

Nyumbani, juu ya kabati, kuna chupa ya mafuta ya waridi aliyonunuliwa na binti yake. Mikono ya mama imepauka, vifundoni imepasuka. Chupa haijafunguliwa.

"Mama, si unamaliza kazi Ijumaa? Jipake basi," binti anambembeleza.

Mama Mbu anaichukua chupa, anaigeuzageuza, anairudisha palepale.

"Nikijipaka," anasema, "halafu wakaniita, nitaingiaje?"