Sili Iliyochanwa Makusudi

Ngatini aliuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, nyumba kwa nyumba katika vijiji vya chini ya mlima Lawu, na pikipiki yake ndogo ilivuja oili kama pua ya mtoto mwenye mafua. Kila alipoegesha paliachwa doa jeusi. Wanawake waliofagia nyua zao alfajiri walichoka. "Tempe yako tamu, Mbak, dada yetu," walimwambia, "lakini hilo lipikipiki libaki barabarani."

Fundi wa kijiji alikuwa mmoja tu, Tukijan, na ndiye aliyekuwa mume wa Ngatini kabla hajamwacha na kumwoa binti wa mfyatua matofali. Mjini ni mbali, kwa hiyo Ngatini alimeza fahari yake akampelekea pikipiki. Ikarudi ikivuja. Akaipeleka tena, ikarudi ikivuja zaidi. Na kwenye kibanda cha kahawa Tukijan akapata mzaha wa kuwachekesha wenzake: "Yule hata siri haimkai, sembuse oili!"

Maneno ya kibandani hayana mlango. Yalimfikia Ngatini kabla ya magharibi.

Hakulia. Alipokwenda mjini kununua soya alinunua pia sili mpya, kile kipete cha mpira kinachozuia oili isivuje, kisha akatandika gunia uani na kuifungua pikipiki mwenyewe. Miaka yote ya ndoa alikuwa amechutama kando ya mumewe akimshikia tochi, na macho yake hayakuwa yamelala. Alitoa pedeli ya gia, akafungua kava, akasugua tope la grisi kwa petroli mpaka akaona oili inapochuruzika: pembeni mwa shafti ya gia. Akazungushia bisibisi kitambaa, akaing'oa sili ya zamani, akaiinua juani.

Mdomo wake wa ndani ulikuwa umechanwa.

Ncha ya shafti ile ina meno, na Tukijan hakuwahi kupachika sili bila kwanza kuyafunika meno kwa kipande cha nailoni, yasije yakaikata. Angeweza kufanya hivyo usingizini. Mkono ule haukuwa umesahau, ulikuwa umekataa.

Ngatini akafunga nailoni yake, akapaka oili mdomo wa sili mpya, akaisukuma polepole mpaka ikakaa. Akawasha injini. Pakavu. Hakutabasamu. Sili iliyochanwa aliifunga katika kona ya kitambaa chake cha kichwa.

Jumapili kijiji kizima kilitoka kuzibua mifereji. Baada ya kazi wanaume walikaa na kahawa, na Ngatini akapita katikati yao, matope miguuni, akaiweka sili juu ya sahani ya ndizi za kukaanga, mbele ya Tukijan.

"Mas, hii unaijua?" Alimwita kaka, kama alivyomwita walipokuwa wameoana.

"Sili mbovu. Ndiyo umeileta kwenye chakula cha watu?"

"Uliiweka wewe. Waambie, ukipachika sili ya gia, meno ya shafti unayafunika na nini?"

Tukijan akainua kikombe chake cha kahawa. Mzee Wiryo, aliyekaa jirani yake, akadakia bila ubaya: "Nailoni. Yangu aliifunga nailoni, nilikuwepo."

"Na yangu, Mas?"

"Nilisahau."

"Mara zote mbili?"

"We mwanamke, unanitafutia nini mbele za watu?"

"Ulinitafuta wewe kwanza. Mbele za watu hawa hawa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Wiryo aliichukua sili, akapitisha ukucha kwenye michano, akampa aliyemfuata. Ikazunguka baraza lote. Kisha mmoja akauliza taratibu, "Tukijan, na breki zangu je? Ulizifunga wakati ule tumegombania mpaka wa shamba."

Ngatini angeweza kuishia hapo. Hakuishia. Alianza kutengeneza pikipiki za watu, akaweka benchi lake mahali ambapo Tukijan angeliona, na kila mteja aliyehama kutoka kwa Tukijan alihudumiwa kwanza. Jioni alipita mbele ya karakana tupu ya mumewe wa zamani kwa gia ndogo, ili amsikilizishe injini. Usiku alilala vizuri.

Mvua zilipokaribia, Tukijan alifunga mlango akahamia kwa wakwe zake. Ndipo mama yake, bibi Sarinem, alipokuja kwa Ngatini na mkongojo wake.

"Nduk, binti yangu, mwanangu anabeba matofali. Mikono imemchubuka yote. Imetosha, au bado?"

Ngatini akaweka spana chini, akaubusu mkono wa bibi kama zamani, akamkalisha kivulini, akamletea chai na tempe ya moto.

"Kunywa, Mama. Hapa ni kwako siku zote."

"Sikuuliza chai."

Ngatini hakutaka kumdanganya mwanamke aliyempenda. Aliutafuta moyoni mwake ule upande wa huruma, akakuta habari za mikono ile zinampendeza tu.

"Bado, Mama," akasema.

Bibi akatikisa kichwa, kisha akavuta kikombe karibu, akanywa chai yake mpaka mwisho.