Hana Ndugu Ifakara

Marsiana wa Lipangalala huu ni mwaka wa ishirini anakaanga vitumbua, na kwa ubishi hana mpinzani mtaani kwetu. Jambo moja alikuwa akijivunia: ndugu yake hajawahi kukosa pa kulala.

Mafuriko yalipokichukua kijiji cha Michenga, Levina alifika kwake na watoto watatu na sufuria moja. Levina ni mtoto wa marehemu mdogo wake; Marsiana ndiye aliyemlea tangu ananyonya. Shirika la misaada lilipiga mahema uwanja wa mpira, na wenzake wa Michenga wakaenda huko. Marsiana aliposikia Levina naye anataka kwenda kujiandikisha, alifura.

"Ulale kwenye turubai na mimi nina bati? Watu watasemaje?"

Basi wakabaki. Mwanzoni mgao wa chakula uliwafikia hata waliohifadhiwa majumbani, na mwenye nyumba naye akapata kidogo. Mwezi wa tatu tangu waje, mgao ukawa nusu. Mwezi wa nne likaja tangazo: wafadhili wamepunguza fedha, watapewa wa mahemani tu, wasio na ndugu mjini. Nilikasirika. Yaani aliyefungua mlango wake ndiye anayeadhibiwa!

Unga wa vitumbua ukawa uji wa watoto, kisha uji ukawa majimaji. Mdogo wa wale watatu, Omega, akavimba miguu. Zahanati walisema ni njaa, wala hawakuzunguka.

Jumatatu asubuhi Marsiana aliukunja mwenyewe mkeka wa Levina, akaubeba kichwani hadi uwanjani. Mimi nilimbeba Omega. Njia nzima alikuwa akimfundisha Levina la kusema.

Dada mwandikishaji, mpole tu, akauliza, "Una ndugu hapa Ifakara?"

"Sina."

"Na huyu mama aliyekubebea mkeka?"

Levina alimtazama Marsiana. Nilidhani atashindwa.

"Simfahamu. Tumekutana njiani."

Dada akaandika. Marsiana akautua mkeka. "Haya binti, Mungu akusaidie," alisema, akageuka. Alilia tulipofika barabarani, kwa sauti, bila kujali watu.

Omega sasa anatembea. Levina akipita sokoni humwamkia shikamoo kwa mbali, kama wapita njia wengine, na Marsiana huitikia marahaba bila kuinua macho, kwa sababu watu wa shirika wanaoandika orodha nao hununua vitumbua pale.