Nilivyoziba Mlango wa Kanisa

Hadi leo kuna watu Bunia wananiita Mama Pita-Kwanza, na jina hilo sikupewa kwa sifa. Nikilisikia sokoni nainama, najifanya nachagua mboga za lengalenga. Acha niwaeleze lilikotoka, mcheke kama mnaweza, maana mimi mwenyewe bado halijanichekesha.

Ilikuwa wakati wa vita. Jumapili moja mchungaji alituhubiria kwamba Mkristo amtangulize mwenzake kila siku, hata katika mambo madogo, nami nikaamua (hapo ndipo balaa lilipoanza) kwamba wiki nzima sitamtangulia mtu yeyote. Kwenye bomba nikapisha wote, maji yakakatika, nikarudi na bidoni tupu; mezani nikangoja wakimbizi tuliowapokea washibe, nikalala na njaa, lakini moyoni, jamani, nilijiona nimebakiza hatua chache tu nifike mbinguni. Neema, mke wa mwanangu, aliyekuwa amejifungua majuzi, alilipokea lile bidoni tupu akaliweka kando, ingawa maji yale yalikuwa ya kumwogesha mtoto.

Ijumaa tukawa kwenye maombi ya mchana. Kanisa letu lilikuwa la mbao, na mlango mkubwa ulikuwa umepigiliwa misumari kwa kuogopa waporaji, kwa hiyo tulipitia mlango mdogo wa ubavuni, mwembamba, mtu mmoja mmoja. Mara masasi ya bunduki yakaanza kulia upande wa soko, karibu kabisa, na mchungaji akapaza sauti tutoke tukimbilie nyumba yake ya matofali. Mimi nilikuwa nimekaa jirani na mlango, nikafika wa kwanza pamoja na Baba Musa, shemasi wetu.

"Pita, baba," nikamwambia.

"Apana, mama, pita weye kwanza."

"Siwezi kukutangulia, baba."

"Na miye siwezi." (Kumbe naye mahubiri yalikuwa yamemwingia!)

Basi tukasimama pale, kila mmoja amenyoosha mkono kwa adabu, masasi yanalia, kanisa zima linasukumana mgongoni kwetu, na katikati ya msongamano nikasikia sauti ya Neema, "Munanibania mutoto! Mutoto!", lakini hata hapo (naona aibu kulisema) nilikuwa bado nangoja Baba Musa akubali. Aliyetuokoa ni Koko Anjelani, bibi kizee wa fimbo.

"Mama, unyenyekevu yako iko nafunga mulango!"

Akanisukuma kwa hiyo fimbo, nikaanguka nje kifudifudi kwenye matope, kikwembe nilichojifunga kiunoni kimefunguka, Baba Musa juu yangu, na waumini wakaturuka, wengine wakatukanyaga bila hata kuomba pardo. Ningetamani mkasa uishie hapo.

Neema alitoka miongoni mwa wa mwisho. Mtoto alikuwa kimya mgongoni, shingo imelegea. Tulipofika kwa mchungaji, Koko Anjelani alimfungua mtoto nguo, akampepea, akampigapiga mgongoni, na mimi, matope hadi kwenye nyusi, nikapiga magoti nikamwomba Mungu aniadhibu mimi, asimguse yule mtoto. Hofu niliyoipata pale masasi hayajawahi kunitia. Mwishowe mtoto akakohoa, akalia, na watu wazima wote ndani ya nyumba ile wakalia pamoja naye. Nikanyoosha mikono nimpokee. Neema akamkumbatia, akanigeuzia mgongo.

"Mama," akasema polepole, "huyu alikuwa nyuma yako."

Baba Musa niliyempisha alikuwa ananiona nikipisha, nami nilipenda kuonwa. Mjukuu wangu hakuwa na macho ya kunisifu. Neema alinisamehe baadaye, tena mapema kuliko nilivyostahili. Kupisha watu sijaacha, kwa kuwa mchungaji hakukosea, mimi ndiye niliyekosea. Lakini nimeapa: kabla ya kumpisha mtu aliye mbele yangu, nageuka kwanza nione nani amesimama nyuma.