Mashine Niliyoivalisha Koti

Saa nane na dakika ishirini mchana niliwatangazia wateja wa ukumbi wangu wa gemu hapa Garissa kwamba toleo la pili la ile gemu ya vita tuliyoipenda halifai. Sikukurupuka. Nilikuwa nimelijaribu mara tisa, na kila mara askari walijikokota kama walio kwenye tope. Siku hiyohiyo nikamuuzia diski yake Abdi, mwenye ukumbi wa ng'ambo ya barabara.

Baada ya siku tatu wateja wangu wote walikuwa kwake. Nikaenda kuchungulia: askari walikimbia kama swala! Nikamwambia Abdi hiyo si diski niliyomuuzia. Akaichomoa, tukavuka barabara na wateja nyuma yetu, akaiweka kwenye mashine yangu. Askari wakajikokota.

Abdi akainama, akavua kifuniko cha turubai nilichokishona mwenyewe kuzuia vumbi.

"Wallahi, jirani, joto la Garissa na umeivalisha koti? Gemu ya kwanza ilikuwa nyepesi, hii inaichemsha mashine mpaka inapunguza kasi!"

Mashine ilipopoa, askari wakakimbia. Ukumbi mzima ukacheka.

Hata hivyo, mshono wangu haukupitisha hata chembe ya vumbi. Diski niliinunua elfu saba, nikaiuza elfu moja. Hasara: shilingi elfu sita.